Gari Limelala Siku Tatu, Betri Imekufa: Namna ya Kutafuta Kinachokula Chaji

Gari la zamani linalomaliza chaji likiwa limesimama humfanya mwenyewe anunue betri. Betri mpya inafungwa, injini inashika mara moja, watu wanapeana mikono, na wiki mbili baadaye hali imerudi ilipokuwa. Sasa betri ya pili inaitwa feki, na muuzaji anaitwa tapeli. Mwongozo huu ni wa mtu wa Mwika, Mamba, Marangu au Kilema mwenye Corolla, Carina, Noah, Hilux au Land Rover ya siku nyingi. Namwomba jambo moja kabla hela haijatoka mfukoni: apime. Umeme unaopotea unapimika, na ukishapimika unaweza kufuatwa hadi pale unapotokea. Kazi yenyewe haidai kompyuta. Inadai mita ya bei nafuu, spana namba 10, balbu moja ya breki, asubuhi isiyo na haraka, na subira.

Huku mlimani tatizo hili lina mazingira yake. Magari mengi hayatembei kila siku. Gari linapanda Desemba kutoka Dar es Salaam, Krismasi inapita, linaachwa kihambani ili baba na mama wasihangaike, na mwenyewe anarudi kazini kwa basi. Au ni gari la mzee, linalotoka Jumapili kwenda kanisani na siku ya soko kubeba ndizi. Safari ni fupi, mara nyingi taa zimewashwa kwa ajili ya ukungu na vaipa zinafanya kazi, kwa hiyo alteneta inapata muda mdogo wa kurudisha kilichotumika. Gari linaloshuka Himo na Moshi kila siku laweza kuvujisha umeme usiku kucha na mwenyewe asijue kamwe, maana kila asubuhi barabara inalipa deni la usiku. Linalolala siku tatu mfululizo ndilo linaloumbuka.

Halafu kuna mteremko. Wengi wetu tumezoea kuegesha gari likitazama chini, asubuhi vijana wanasukuma, gia ya pili, linashtuka. Mazoea hayo yanasaidia siku ya dharura, lakini yanaficha ugonjwa kwa miezi, na wakati huo betri inaharibika. Betri ya risasi na asidi ikiachwa tupu, salfeti ya risasi inaganda kwenye sahani zake, na ikikaa hivyo wiki nyingi haiyeyuki tena yote hata ukiichaji. Betri iliyokuwa nzima inageuka mbovu kweli kwa sababu ya kosa la waya. Gari la gia otomatiki, nalo, halikubali kusukumwa hata uwe na kijiji kizima nyuma yake.

Anza na hesabu, kwa sababu muda ambao betri inachukua hadi kufa unakuonyesha pa kutazama. Betri ya gari dogo, zile zinazoandikwa NS60, hubeba takribani ampea-saa 45; N70 ya pikapu hubeba 70. Gari la zamani lenye saa na redio inayokumbuka stesheni hula kati ya miliampea 20 na 50 likiwa limezimwa, na hiyo ni halali yake. Miliampea 50 kwa siku nzima ni ampea-saa 1.2, kwa hiyo betri ya 45 itashuka hadi nusu baada ya siku kama 19. Balbu ya wati 5 iliyobaki imewaka ndani ya buti inakula ampea 0.4, yaani karibu ampea-saa 10 kwa siku: baada ya siku mbili umebaki na nusu, siku ya nne stata haizunguki. Taa mbili za breki za wati 21 kila moja zinakula ampea 3.5, na usiku mmoja unatosha.

Basi jiulize: linakufa usiku mmoja, siku tatu, au wiki tatu? Linalokufa usiku mmoja lina kitu kikubwa kimewaka. La siku tatu au nne lina balbu, redio, alamu au mashine ya muziki. La wiki tatu huenda halina ugonjwa wowote, limeachwa tu muda mrefu na betri ni ndogo au imechoka.

Kabla ya kulishtaki gari, ipe betri yenyewe nafasi ya kujieleza. Ichaji hadi ijae. Ukiwa na chaja ya nyumbani ya ampea 4 au 5, betri tupu ya NS60 inataka saa kumi hivi, na ikiwa TANESCO watakata katikati, uanze kuhesabu tena pale ulipoishia. Chajia nje au barazani penye hewa, mbali na jiko la kuni, kwa kuwa betri inayochajiwa inatoa haidrojeni na cheche moja inaweza kuilipua. Kwa betri zenye vifuniko vya kufungua, tazama maji kwanza: sahani zikiwa wazi, ongeza maji ya betri yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, yale ya dukani. Maji ya bomba na ya mfongo yana madini, yaache. Asidi pia usiongeze.

Ikishajaa, iache saa kadhaa bila kufungwa popote, kisha pima. Betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 ina robo tatu, 12.2 ina nusu, 12.0 ina robo, na chini ya 11.9 ihesabu kuwa tupu. Jioni pima tena, asubuhi pima tena. Ikishuka kutoka 12.6 hadi 12.1 ikiwa peke yake juu ya ubao, ugonjwa uko ndani yake na gari halina hatia.

Asiye na mita ana njia nyingine ambayo haina gharama yoyote. Usiku, baada ya safari ndefu au baada ya kuchaji, fungua taminali ya hasi, uisogeze pembeni isiguse. Asubuhi rudisha, washa. Fanya hivyo kwa muda uleule ambao kwa kawaida gari linakufa. Kama ni siku tatu, liache siku tatu. Likiwaka vizuri baada ya kukatwa, na likifa linapoachwa limefungwa, umeshathibitisha kwamba kuna kitu ndani ya gari kinachokula. Mafundi wengi wanairuka hatua hii. Fundi anatikisa taminali, anasema, "Mangi, hii imekufa, leta nyingine," na pengine ni kweli imekufa, ila hujajua aliyeiua.

Kila unapofungua betri, anza na hasi, ufunge hasi mwisho. Sababu ni kwamba bodi yote ya gari imeunganishwa na hasi. Spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya, na hasi bado imefungwa, utapata shoti ya mamia ya ampea mkononi mwako. Vua pete na saa ya chuma. Wenye Land Rover kongwe za miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 waangalie kwanza, kwa maana nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na chanya kwenye bodi, na kwao mpangilio unageuka: ule upande uliofungwa kwenye bodi ndio unaofunguliwa kwanza. Na baadhi ya Land Cruiser na malori madogo ya dizeli yaliyotoka Japani yana betri mbili na mfumo wa volti 24. Huko soma mara mbili ya volti nilizotaja, na balbu utakayotumia iwe ya volti 24.

Pima pia uchajiaji. Injini ikiwa inanguruma kidogo juu ya sailensi, betri inapaswa kusoma kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12.4, alteneta haichaji na hakuna mvujo wa kutafuta bado. Mkanda uliolegea nao huleta hali hiyo, hasa asubuhi za mvua.

Futa pia uso wa betri. Vumbi la barabarani likichanganyika na unyevu wa asidi hutengeneza njia ya umeme kutoka chanya hadi hasi juu ya plastiki yenyewe. Ukiwa na mita, gusa taminali ya hasi kwa ncha nyeusi, na ncha nyekundu itembeze juu ya kifuniko. Ukisoma volti yoyote ya maana, betri inavujia ngozini mwake. Magadi yaleyale yanayowekwa kwenye kiburu, yakikorogwa katika maji ya vuguvugu, yanaua asidi. Mimina juu kidogo kidogo, povu litatoka, suuza, kausha. Hakikisha vifuniko vimefungwa, kwani magadi yakiingia ndani yataharibu asidi ya betri.

Sasa kazi yenyewe. Anayeona maji ya mfongo yanapungua kabla ya kufika shambani kwake hachimbi mfongo mpya. Anapanda na mfereji, anafunga tawi moja, anatazama, anafunga la pili, mpaka afike kwenye tundu. Kwenye gari matawi ni fyuzi, na jicho lako ni mita.

Liandae gari kama linavyolala. Zima kila kitu, toa ufunguo, chomoa chaja ya simu kwenye tundu la sigara. Fungua boneti, na kama boneti ina taa yake, itoe balbu. Mlango wa dereva utauhitaji wazi ili ufikie fyuzi, kwa hiyo kile kitufe cha mlango kinachozima taa ya ndani kibane chini kwa tepu au kipande cha mti. Ukisahau kitufe hicho utapima taa ya dari saa nzima ukidhani umekamata mkosaji.

Fungua taminali ya hasi. Usiunganishe mita bado. Chukua balbu ya breki ya wati 21, iunge nyaya mbili, waya mmoja kwenye nguzo ya hasi ya betri, wa pili kwenye kichwa cha kebo uliyoifungua. Umeme wote wa gari sasa unapita ndani ya balbu. Ikiwaka kwa nguvu zote, kuna shoti au kitu kinachokula ampea nyingi, na mita yako ingeunguza fyuzi yake. Ikiwaka hafifu kama kaa la moto linalozimika, kuna mvujo wa mamia ya miliampea. Isipowaka kabisa, mvujo ni mdogo au haupo, na sasa ni zamu ya mita. Mwenye balbu tu bila mita anaweza kuendelea na kazi hii: atachomoa fyuzi moja moja huku mwenzake akitazama balbu.

Kwa mita, hamisha waya mwekundu kwenye tundu lililoandikwa 10A, weka swichi kwenye ampea za umeme wa moja kwa moja, ncha nyekundu kwenye kebo ya bodi, nyeusi kwenye nguzo ya hasi. Kuanzia hapo usiwashe ufunguo, usifungue taa, na stata usiiguse hata kidogo. Stata inavuta zaidi ya ampea 100, na mita itakufa kabla hujatamka neno. Namba ya kwanza itakuwa kubwa, kisha itashuka. Usiiamini. Redio, alamu na kisanduku cha injini vinaamka umeme unaporudi, halafu vinalala tena. Kwa gari la kabureta subiri dakika kumi. Kwa gari la sindano za umeme lenye kufuli ya ufunguo, subiri nusu saa au zaidi. Nimeona watu wakichomoa fyuzi baada ya sekunde chache na kufuata namba iliyokuwa ikishuka yenyewe. Nenda kanywe chai.

Ile cheche ndogo inayotoka unapogusisha taminali mafundi wengi huitumia kama kipimo. Cheche haithibitishi kitu. Gari zima lenye redio ya kisasa hutoa cheche linapounganishwa, na mvujo wa miliampea 300, unaotosha kuua betri ndani ya siku chache, unaweza usionyeshe cheche ya kukushtua.

Ikiwa namba imetulia chini ya miliampea 50, funga kazi, ugonjwa haupo saa hiyo. Nitarudi kwenye neno "saa hiyo". Ikiwa imetulia juu yake, anza fyuzi. Chomoa moja, tazama, rudisha, nenda ya pili. Kuna visanduku viwili mara nyingi: kimoja chini ya dashibodi upande wa dereva, kingine karibu na betri. Kwenye Toyota, fyuzi iliyoandikwa DOME ndiyo ya taa za ndani, na kwa kawaida pia saa na kumbukumbu ya redio. Iliyoandikwa STOP ni ya taa za breki. Anza na hizo mbili. Namba ikianguka ghafla unapochomoa mojawapo, umepata tawi lenye tundu. Andika kwenye karatasi kila fyuzi ilikotoka na ampea zake, na usirudishe ya 20 mahali pa 10.

Ipo njia laini zaidi, na kwa gari lenye kompyuta ndiyo ninayoipenda, kwa sababu kuchomoa na kurudisha fyuzi kunaweza kuamsha vitu vilivyokwisha lala. Rudisha kebo ya hasi kama kawaida. Weka mita kwenye milivolti, kisha gusa vile vidoa viwili vya chuma vilivyo juu ya kila fyuzi ya kisasa bila kuichomoa. Fyuzi isiyopitisha umeme inasoma sifuri. Fyuzi inayopitisha inasoma kitu kidogo: taa ya wati 5 ikipita kwenye fyuzi ya ampea 10 itaonyesha takribani milivolti 3. Unapita visanduku vyote viwili kwa dakika chache na gari halijui kama limeguswa.

Ukishalijua tawi, ukaguzi wa macho na mikono unaanza, na hapa uzoefu wa magari ya kwetu unasaidia kuliko kitabu cha kiwanda.

Taa za breki ziko juu kwenye orodha yangu. Juu ya pedeli kuna swichi ndogo, na kwenye mkono wa pedeli kuna kipande cha mpira au plastiki kinachoibonyeza. Baada ya miaka 20 kipande hicho kinakauka na kuvunjika, vumbi lake unalikuta kwenye kapeti, na kidole cha swichi kinapita kwenye tundu. Taa za nyuma zinawaka mchana kutwa, jua kali, hakuna anayeona. Toka usiku, zunguka gari ukiwa umelifunga. Kipande hicho hupatikana kwenye maduka ya spea ya Moshi mjini, na ukikikosa bolti fupi yenye kichwa kipana na nati vinaziba tundu vizuri.

Taa ya buti na ya kidroo cha dashibodi nazo ni wakosaji wakubwa kwa sababu huzioni mlango ukifungwa. Weka simu ndani ya buti ikirekodi video, funga, fungua, tazama. Kwa kidroo, gusa balbu mara tu unapokifungua baada ya saa nyingi. Ikiwa ya moto, ilikuwa imewaka.

Kisha redio. Magari yetu mengi yalibadilishwa redio, wakati mwingine mara tatu, na kila fundi aliacha nyaya zake. Redio ina waya wa njano unaotaka umeme muda wote ili kutunza kumbukumbu, na waya mwekundu unaopaswa kupata umeme ufunguo ukiwashwa tu. Fundi mwenye haraka anaunga njano na nyekundu pamoja kwenye umeme wa kudumu. Redio inaimba, mteja analipa, na tangu siku hiyo redio hailali. Mashine ya muziki ya buti nayo ina waya wake wa kuamshwa, kwa kawaida wa bluu, unaotakiwa kutoka kwenye redio. Ukiungwa moja kwa moja kwenye betri, mashine inakesha hata kama spika zimenyamaza. Kwenye Noah na Hiace zilizowahi kubeba abiria, fuata pia nyaya za taa za rangi na za tundu za kuchajia simu. Ukikuta waya umeungwa kwa kukunja na kuzungushiwa tepu iliyolegea, usiuache hivyo hata kama siyo uliokuwa ukiutafuta.

Alamu na kifaa cha kufuatilia gari hupita nje ya fyuzi za kiwandani mara nyingi. Vina fyuzi zao ndogo zilizofichwa kwenye fundo la nyaya chini ya usukani. Kifaa cha kufuatilia kikikosa mtandao kinatafuta mnara usiku kucha na kinakula zaidi ya kinavyokula mjini. Kihamba kilicho kwenye bonde, mawimbi hafifu, gari limeegeshwa chini ya migomba: angalia kifaa hicho mapema.

Unyevu na panya ni vya kwetu pia. Masika ikishika kuanzia Machi, maji yanaingia kwenye vikombe vya taa za nyuma na kwenye plagi za waya, shaba inaota ukijani, na umeme unapita polepole juu ya ukijani huo. Ukiona kijani, kwangua, kausha, paka grisi. Gari lililosimama karibu na banda lenye majani ya ng'ombe linakaribisha panya, naye hula ngozi ya waya na kuacha shaba wazi ikigusa bodi. Kinyesi juu ya injini ni ushahidi wa kutosha wa kufuata nyaya zote za upande huo.

Ikiwa umechomoa fyuzi zote na namba haijashuka, mkosaji yuko kwenye kebo nene zisizopita kwenye kisanduku: alteneta, stata, swichi ya ufunguo. Alteneta ina dayodi zinazopitisha umeme upande mmoja, kutoka alteneta kwenda kwenye betri. Moja ikiharibika, umeme unarudi kinyume usiku wote, na cha ajabu gari linaweza kuendelea kuchaji mchana kiasi cha kukuridhisha. Baridi ya Mwika inatusaidia hapa. Asubuhi ya Juni au Julai, kabla jua halijatoka, fungua boneti ya gari lililolala usiku mzima na uweke kiganja juu ya alteneta. Chuma chote kinapaswa kuwa baridi sawasawa. Alteneta yenye uvuguvugu katika injini ya baridi ina umeme unaopita. Gusa na rilei moja moja kwa njia hiyohiyo. Iliyonasa huwa na joto. Kwa injini za dizeli gusa rilei ya plagi za kupashia moto kabla ya kuwasha, kwa kuwa ikinasa inavuta makumi ya ampea na betri mbili haziioni asubuhi. Ili kuthibitisha alteneta, fungua hasi, toa kebo nene na plagi za alteneta, zifunge tepu, rudisha mita, soma. Ikishuka, peleka alteneta kwa fundi anayebadilisha dayodi. Si lazima kununua nzima.

Sasa lile neno "saa hiyo". Kuna mivujo inayokuja na kuondoka: rilei inayonasa gari likiwa la moto tu, feni ya rejeta inayozunguka baada ya kuzima, kitasa cha ufunguo kilichochakaa kinachoacha umeme hata ufunguo ukitoka. Kwa hayo, lipime gari mara tu baada ya kurudi safari, likiwa la moto, na si baada ya kulala. Sikiliza pia. Usiku wa kihambani ni kimya, na rilei inayogonga au injini ndogo inayonguruma ndani ya dashibodi inasikika ukikaa kwenye kiti bila kuongea.

Ukishatengeneza, pima upya kwa mita, kwa subira ileile. Gari linaweza kuwa na mivujo miwili, na wa kwanza kupatikana si lazima uwe mkubwa. Kisha chaji betri kikamilifu, maana alteneta peke yake kwa safari ya Mwika hadi Marangu haitaijaza. Ikiwa betri ilikwisha kufa kabisa, nunua nyingine sasa. Ile ya zamani irudishe dukani au kwa mnunuzi wa chakavu. Risasi yake ikimwagwa kando ya mfongo inawafikia wanaokunywa maji huko chini.

Gari la kuachwa toka Januari hadi Pasaka, hata likiwa zima, lifungulie hasi au fungia swichi ya kukatia betri, ukijua kwamba saa na stesheni za redio zitapotea. Desturi ya kumwagiza kijana aliwashe dakika tano kila wiki haitoshi: miliampea 50 kwa wiki ni ampea-saa 8.4, na dakika tano za sailensi hazirudishi hata robo yake. Kama ni lazima liwashwe, aliendeshe nusu saa au zaidi, taa zikiwa zimezimwa. Na ukifungua hasi, funga kitambaa chekundu kwenye usukani na uwaambie wote wa nyumbani maana yake, ili mtu mwenye mgonjwa saa nane usiku asipoteze muda akidhani gari limekufa. Spana namba 10 iachwe kwenye kidroo.